Daraja lililotokana na moto

Kabla hujatoka kwenda ibadani asubuhi hii, naomba nikupeleke kwanza wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, mahali panapoitwa Daraja la Mungu. Nilikwenda huko Jumamosi moja na rafiki yangu. Ila kusema kweli, asubuhi ile tulipoondoka hatukuwa marafiki.

Mwenzangu huyo ni mwalimu mstaafu. Tunasali kanisa moja na tuko jumuiya moja. Jioni moja alikuja nyumbani kwangu kuomba nimkopeshe shilingi 600,000 za ada ya kijana wake chuoni. Nikampa, tukakubaliana miezi mitatu. Mitatu ikapita, sita ikapita. Siku moja, katika kikao cha jumuiya, alisimama kuchangia hoja kuhusu michango ya ujenzi wa kanisa. Nikamkatiza mbele ya watu wote nikisema, "Wengine walipe kwanza madeni yao, ndipo waje watufundishe kutoa."

Watu waliinamisha vichwa. Mwalimu akakaa. Tangu siku hiyo tulisalimiana kwa kuinua mkono tu, karibu miaka miwili, na kila Jumapili tulishiriki ibada moja, tukasali sala moja.

Sasa jumuiya ikapanga matembezi ya siku moja. Tulijiandikisha watu tisa. Asubuhi yake mvua ikanyesha, na stendi ya Nane Nane tukafika wawili tu, mwalimu na mimi. Simu za wenzetu zikaleta udhuru, mmoja baada ya mwingine. Hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kusema turudi nyumbani. Tukapanda kosta ya Tukuyu, yeye akakaa mbele, mimi nikaenda nyuma kabisa.

Ukishapita Uyole, barabara inapanda mpaka masikio yanaziba. Ukungu, baridi, na magunia ya viazi mviringo kando ya njia. Kisha inashuka kuelekea Kiwira, na macho yanajaa kijani cha migomba na chai. Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, ulikuwa umejifunika mawingu. Ni katika nchi ya mlima huu Wamoravian walifungua misheni yao mwaka 1891. Uzuri wote huo niliutazama peke yangu dirishani, wala sikuwa na wa kumwambia, "Tazama kule." Hapo nilionja kidogo adhabu ya kinyongo: kinakunyima mtu wa kushangaa naye.

Kiwira tukakodi bodaboda mbili, kila mtu na yake.

Daraja lenyewe, msomaji, ni jiwe zima lililopita juu ya Mto Kiwira kutoka ukingo huu hadi ule. Halina nondo wala saruji, wala hakuna mhandisi aliyelichora. Wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba milima ya eneo hili ni ya volkano. Zamani sana uji wa moto ulishuka hadi bondeni mwa mto, ukapoa na kuganda kuwa jiwe, na maji yakajipatia njia chini yake. Kilichounguza kila kitu njiani ndicho leo watu wanachokanyaga kuvuka mto salama.

Niliposimama pale nilikumbuka kitabu cha Ayubu, sura ya 38, Mungu anapomuuliza Ayubu alikuwa wapi wakati misingi ya dunia inawekwa. Ni swali la kumnyamazisha mtu. Mimi niliyejiona mkubwa kwa sababu nadai laki sita, sikuwa na jibu.

Tulipokuwa tunashuka kuyaona maji kwa karibu, njia ilikuwa tope tupu kwa mvua ya asubuhi. Nikateleza. Mguu mmoja ulikwisha kutangulia kuelekea mtoni, na mkono uliodaka koti langu na kunivuta nyuma ulikuwa wa mwalimu. Mhubiri, sura ya 4, anamhurumia mtu aangukaye akiwa peke yake, asiye na wa kumwinua. Mimi siku ile nilikuwa naye, na aliyeniinua ni yule niliyemwangusha mbele ya watu.

Tukakaa juu ya jiwe. Nilikuwa natetemeka. Mwalimu akatoa ndizi za kuchemsha alizofungiwa na mkewe, akanikatia nusu. Tukala kimya. Halafu akasema, "Ndugu yangu, deni lako sijalisahau hata siku moja. Lakini siku ile kikaoni, mke wangu alikuwa ameketi nyuma yako."

Sikujua. Miaka miwili nilihesabu fedha zangu, na sikuwahi kuhesabu hilo. Nikasema, "Mwalimu, nilikukosea. Naomba unisamehe."

Hakujibu upesi. Alitazama maji kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nimekusikia." Basi. Hatukukumbatiana wala kulia. Lakini tuliendelea pamoja hadi Kijungu, kwenye eneo la Chuo cha Magereza, ambako mto huohuo unaingia katika shimo la mwamba lililo kama chungu, maji yakizunguka kwa ngurumo kana kwamba yanachemka. Mwalimu alinionyesha kwa kidole, akaniambia, "Tazama kule." Wakati wa kurudi Kiwira tuliziacha bodaboda, tukatembea.

Mpendwa, yawezekana na wewe unamdai mtu, au unadaiwa. Katika Mathayo 18, Bwana Yesu anasimulia habari za mtumishi aliyesamehewa talanta 10,000, akatoka na kumkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja. Kwa hiyo dinari 100 si fedha ya kuchezea, ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Yesu hakusema deni la mwenzako ni dogo. Alituonyesha tu kwamba lile tulilosamehewa sisi halina mfano.

Tena katika Mathayo 5:23-24 anatuagiza kwamba ukikumbuka madhabahuni kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uache sadaka yako pale, uende mkapatane kwanza. Angalia vizuri: hazungumzii wewe kuwa na neno juu ya ndugu yako. Mimi kwa miaka miwili nilijua ninachomdai mwalimu, kwa hiyo nikatoa sadaka kwa amani, bila kujiuliza yeye ananidai nini. Heshima ya mtu ni deni pia, na halilipwi kwa M-Pesa.

Usidhani mambo yalimalizika siku ile. Mwalimu hulipa shilingi 50,000 mwezi anapoweza, na mwezi asipoweza huniambia. Mimi nami, Alhamisi iliyofuata, nilisimama katika jumuiya, mahali pale pale, nikakiri kosa langu mbele ya watu wale wale. Magoti yalitetemeka kuliko kule mtoni. Kosa la hadharani halitubiwi chumbani peke yake.

Leo ukiingia kanisani, kabla ya kutafuta noti mfukoni, tazama viti vya mbele na vya nyuma. Kama yupo unayemkwepa macho, usingoje mvua iwabakize wawili stendi. Mwendee. Inawezekana atakujibu tu, "Nimekusikia." Mshukuru Mungu kwa hilo. Uji wa volkano nao haukuwa daraja siku moja, ulihitaji muda wa kupoa.

Tuombe: Bwana, uliyeweka jiwe juu ya maji ili watu wavuke, poza moto ulio ndani yetu. Tupe unyenyekevu wa kuomba msamaha na subira ya kuungojea. Katika jina la Yesu, Amina.

Jumapili njema.