Glasi ya Kuonjea Mvinyo: Umbo Moja Latosha

Anayetaka kujifunza kuonja mvinyo nyumbani hahitaji kabati lililojaa glasi. Achague umbo moja zuri, kisha asilibadilishe.

Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha huingia kwa pua. Ulimi hutambua utamu, uchachu na uchungu. Harufu ya matunda, viungo au mbao za pipa ni kazi ya pua. Ndiyo maana tumbo la glasi huwa pana, mvinyo upate hewa unapozungushwa, na mdomo ukabanwa kidogo ili harufu isitawanyike. Mwaka 2015, watafiti wa Tokyo wakiongozwa na Kohji Mitsubayashi walipiga picha za mvuke wa alkoholi. Mvinyo wa nyuzijoto 13 ulipokuwa ndani ya glasi ya mvinyo, mvuke ulijikusanya ukingoni kama pete, katikati ukawa hafifu. Hapo ndipo pua hunusa bila kuunguzwa na alkoholi. Kwenye glasi iliyonyooka, pete hiyo haikutokea.

Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango cha glasi ya kuonjea mwaka 1977, ISO 3591: ujazo wa mililita 215 hivi, tumbo la milimita 65, mdomo wa 46. Humiminwa mililita 50 tu. Mezani huonekana ndogo, lakini kwa kuonja inatosha.

Wako wauzaji wanaodai kila aina ya zabibu ina glasi yake, eti umbo huupeleka mvinyo kwenye sehemu maalumu ya ulimi. Hoja hiyo huegemea ramani ya ulimi ambayo wanasayansi wameshaikataa: kila sehemu ya ulimi yenye vionjio hutambua ladha zote. Tena, ukionja mvinyo wa Dodoma kwa glasi hii na wa Afrika Kusini kwa nyingine, utajuaje kama tofauti imeletwa na mvinyo au na glasi?

Dukani, tafuta glasi isiyo na rangi wala nakshi, yenye ukingo mwembamba na mguu wa kushikia, kwani kiganja hupasha mvinyo joto. Nyumbani, isuuze vizuri mpaka harufu ya sabuni iishe, na usiihifadhi kifudifudi, maana hunasa harufu ya kabati. Inuse ikiwa tupu kabla ya kumimina.

Nunua mbili zinazofanana. Mivinyo miwili ikiwekwa ubavu kwa ubavu hufundisha haraka kuliko mmoja unaolinganishwa na kumbukumbu ya wiki iliyopita.