Kutambua Kinacholia Kwenye Miguu ya Mbele ya Gari

Miguu ya mbele ya gari hubeba uzito na wakati huohuo hufuata amri ya usukani. Katika barabara zisizo na lami za Ruaruke, wilayani Kibiti, viungo vyake huchakaa mapema. Msimu wa masika magurudumu hupita kwenye tope na maji. Mpira wa bolijointi ukiwa umechanika, grisi husombwa na mchanga huanza kusaga chuma. Kiangazi, makorongo yaliyokauka huzipiga shokapu na bushi, hasa Noah au Probox ikiwa imejaza abiria na mizigo.

Kabla ya kununua kipuri chochote, ni lazima kujua mlio unatokea wakati gani.

Mgongano wa "ko-ko-ko" kwenye mashimo madogo, gari likienda taratibu, mara nyingi hutoka kwenye stabilaiza linki. Linki hizi hufanya kazi gurudumu moja linapopanda na jingine kubaki chini. Kwa hiyo gari lipitishwe tutani kwa magurudumu yote mawili, kisha kwa gurudumu mojamoja. Mlio ukizidi mara ya pili, linki zikaguliwe kwanza. Ukikoma breki inapokanyagwa kidogo, huenda ni pedi za breki zilizolegea.

Mlio wa "ta-ta-ta" kwenye kona kali huku gari likivuta huashiria sivi jointi ya nje. Ngurumo inayopanda pamoja na mwendo ni dalili ya beringi ya gurudumu. Kona ya kulia huhamishia uzito kushoto. Ngurumo ikizidi hapo, beringi ya kushoto ndiyo ya kushukiwa.

Usukani ukizungushwa gari likiwa limesimama, springi ikaruka kwa kishindo, beringi ya juu ya shokapu huwa imekwama. Katika stelingi ya haidroliki, mvumo mkali wakati wa kukata usukani mara nyingi humaanisha mafuta yamepungua, na uvujaji utafutwe.

Uhakika hupatikana gari likiinuliwa kwa jeki, likaegemezwa kwenye stendi imara na magurudumu ya nyuma yakawekewa vizuizi. Gurudumu hushikwa juu na chini, kisha hutikiswa. Likicheza, tatizo liko kwenye bolijointi au beringi. Likicheza linaposhikwa kushoto na kulia tu, ni tairodi endi au raki ya stelingi. Msaidizi aangalie kiungo chenyewe wakati wa kutikisa, kwa sababu kinachocheza huonekana kwa macho.

Linki iliyokwisha inaweza kuvumiliwa kwa muda. Bolijointi na tairodi endi hazivumiliki: ya kwanza ikichomoka, gurudumu hulala, ya pili ikiachia, usukani hauliongozi tena gurudumu. Gari lenye kasoro hiyo lisipakie abiria hadi kiungo kibadilishwe na magurudumu yapimwe alaimenti.