Umeme Ukikatika Ndani ya Fleti, Tuanzie Wapi?



Alfajiri moja ya Ramadhani iliyoangukia majira ya baridi, tukila daku katika fleti yetu hapa Uingereza, taa zote zilizimika ghafla. Mjukuu wangu, kijana wa miaka 15, alikimbilia kisanduku cha swichi ili aipandishe iliyoshuka. Nilimzuia. Nilimweleza kwamba swichi ile haikuharibika, bali ilikuwa imetimiza kazi yake. Yatupasa kuijua sababu kabla ya kuirudisha.

Kwetu pwani taa zikizimika, kwanza mtu huchungulia kwa jirani. Desturi hiyo yafaa huku pia. Jirani naye akiwa gizani, hitilafu ni ya mtaa. Katika England, Scotland na Wales hupigwa simu nambari 105, bila malipo. Taa za jirani zikiwaka, tatizo limo ndani mwako.

Hapo tazama kisandukuni, mikono ikiwa mikavu. Swichi ndogo huhudumia kila moja sehemu yake: taa, soketi, jiko. Ile yenye kitufe cha herufi T hulinda uhai wa watu, kwani hukata umeme unapovuja kiasi cha miliampea 30 tu. Kitufe hicho kibonyezwe kila baada ya miezi 6 ili kuhakikisha kwamba ingali hai.

Tulichomoa plagi zote, kisha tukaipandisha swichi. Ilikubali, na taa zikawaka. Tukaanza kurudisha plagi moja moja: friji, salama, redio, salama. Tulipochomeka ekstensheni ya sebuleni, giza likarudi. Mkosaji akajulikana.

Nilipolifunua zulia, niliona aibu. Waya wa ekstensheni ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia na ganda lake limelainika kama nta. Aliyeupitisha chini ya zulia ni mimi mwenyewe, ili usionekane. Juu yake tulikuwa tumechomeka hita ya wati 2000 na birika la wati 3000.

Hesabu yake ni nyepesi. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13. Ukizidisha kwa volti 230 utapata wati 2990. Sisi tulidai 5000, yaani takriban ampea 22. Wala fyuzi haikatiki papo hapo kwa mzigo kama huo. Yaweza kustahimili muda mrefu huku waya ukipata moto, na zulia likiuzuia moto huo usitoke. Mjukuu wangu angeipandisha swichi ile tukaendelea kula, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Basi hita na birika vichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Fyuzi iliyokatika isizungushiwe karatasi ya fedha. Swichi ikikataa kupanda hali plagi zote zimechomolewa, hitilafu huenda imo katika nyaya za ukutani au kifaa kilichofungwa humo. Acha, umwite fundi umeme aliyesajiliwa. Ukinusa harufu ya kuungua, zima swichi kuu. Ukiona moto, usimwagie maji; watoe watu wote nje na upige 999.

Kuna jambo la mwisho. Katika England, kanuni za mwaka 2020 zinamlazimu mwenye nyumba binafsi ya kupangisha kuhakikisha kwamba mtaalamu anakagua mfumo wa umeme angalau kila baada ya miaka 5, na kumpa mpangaji nakala ya ripoti. Wengi wetu hatuidai, ama kwa haya ama kwa kuogopa kuonekana wasumbufu. Tuidai kwa barua ya adabu, na nakala yake tuiweke. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huku ugenini ukuta huo huenda ukawa ni watoto wetu.

Wabillahi tawfiq.