Anayepiga Kelele Ndiye Anayeonekana

Mtu akikesha siku kadhaa mfululizo bila kuchoka, akagawa maharage ya ghalani kwa wapita njia na kutangaza kwamba ametumwa kuwaongoza Waha wote, hafichiki Manyovu, Kasulu wala Kibondo. Ndugu watamkamata wampeleke kwa mganga au hospitali. Hiyo ndiyo mania, upande mmoja wa ugonjwa wa baipola. Upande wa pili ni sonona. Lakini wapo wanaorudiwa na mania peke yake, miaka nenda miaka rudi. Wengi wao huwa na majivuno makubwa na imani zisizo za kweli, na majaribio ya kujiua kwao ni machache. Duniani aina hii huhesabiwa kuwa ya nadra, ila Nigeria mwaka 1985 mtafiti Makanjuola aliripoti kuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wake wa mania walikuwa wa namna hiyo.

Je, Waafrika wana ugonjwa wao tofauti? Kabla ya kukubali, tuangalie nani hufikishwa kwa daktari. Mwenye sonona haleti fujo. Akiacha palizi na kujifungia chumbani, ataitwa mvivu, au itasemwa ni malaria, au amerogwa. Hakuna atakayempakia kwenye bodaboda. Faili lake, likija kufunguliwa, litaanza siku alipopiga kelele. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 unatia nguvu hoja hii: kati ya wagonjwa 27 walioanza kufuatiliwa wakiwa na mania bila historia ya sonona, ni 7 tu walioendelea kukosa sonona kwa miaka 15 hadi 20.

Atakayepinga atasema hao 7 wanatosha kuthibitisha kwamba aina hii ipo. Ni kweli, na sikatai. Ninachokataa ni kumwita mgonjwa mwenye mania peke yake kwa sababu tu hakuna aliyemuuliza kuhusu sonona. Mwingine atasema mania ina vyanzo vingine. Naye yuko sahihi: Uganda, mwaka 2006, Nakimuli-Mpungu na wenzake walionyesha kuwa mania inayoletwa na VVU huwapata zaidi wenye umri mkubwa na wanawake, ikiwa na hasira na kusikia au kuona visivyokuwepo. Kwa hiyo anayeanza kupata mania akiwa na umri mkubwa apimwe VVU kabla ya kuitwa mgonjwa wa baipola.

Tofauti kati ya mania peke yake na mania yenye sonona iliyojificha si ya vitabuni tu. Sonona isiyotambuliwa ndiyo yenye hatari kubwa ya kujiua, na dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa mwenye baipola zaweza kuiamsha mania. Daktari wa Kasulu hahitaji mashine kuitafuta sonona hiyo. Anahitaji kumuuliza ndugu aliyemleta mgonjwa swali la mkulima: katika miaka iliyopita, kuna msimu ambao huyu hakulima, na alikuwaje wakati huo?