Kinyonga Mwenye Mayai Hapasuki, Ahitaji Udongo

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati, watoto hukua wakiambiwa kwamba kinyonga hazai ila kwa kufa. Husemwa kwamba siku zake zikitimia hupanda juu ya mti, hujibwaga chini, tumbo likapasuka, na watoto wakatoka wakitembea juu ya maiti ya mama yao. Hadithi hiyo imerudiwa mara nyingi mno, hata watu wazima wenye elimu zao huipokea bila ya kuiuliza.

Hadithi hiyo si ya kweli. Lakini ina hatari yake, kwa kuwa mtu anayeiamini humtendea kinyonga mambo ambayo mwisho wake ni kumwua kweli. Jambo hili laweza kuonekana vizuri mahali kama Nchelenge, ambako mashamba, vichaka na nyumba za watu vimekaribiana, na ambako kiumbe huyu na binadamu hukutana mara kwa mara.

Nchelenge ni wilaya ya Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru. Mto Luapula huingia ziwani upande wa kusini, na mto Luvua hutoka upande wa kaskazini karibu na mji wa Pweto. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, ambako wakazi wa Pweto na Kilwa husema Kiswahili. Watu wa ufuko huu huishi kwa samaki na kwa muhogo, nao muhogo hupandwa katika udongo uliolimwa ukalainika. Udongo wa namna hiyo ndio autafutao kinyonga jike siku zake zinapokaribia.

Kinyonga wa huko ni yule yule anayejulikana Tabora, Morogoro na Tanga. Wataalamu humwita Chamaeleo dilepis. Hutambulikana kwa vipande viwili vya ngozi vilivyo nyuma ya kichwa, ambavyo huvitandaza kama masikio anapokasirika. Kwa hiyo maelezo yanayofuata yamfaa msomaji wa Nchelenge na wa Tanzania vile vile.

WATAGAJI WATATU WA ZIWANI

Kwenye ufuko wa Mweru wako wanyama watatu wa jamii ya watambaao ambao hutaga mayai ardhini, kila mmoja kwa desturi yake.

Mamba huchimba mchangani, hufukia mayai yake, kisha hukaa karibu akiyalinda kwa muda wa miezi mitatu hivi. Watoto wanapolia ndani ya mayai, mama huwafukua na kuwachukua kinywani hadi majini.

Kenge hana subira hiyo. Yeye hutafuta kichuguu kilicholainishwa na mvua, hukitoboa, hutaga ndani, akaenda zake. Mchwa huziba tundu lile kwa kazi yao ya kila siku, na bila ya kujua huwa wamemjengea kenge chumba chenye joto na unyevu usiobadilika sana.

Kinyonga hana nguvu za mamba wala hana mchwa wa kumsaidia. Maisha yake yote huwa juu ya matawi, na miguu yake imeumbwa kwa kushika vijiti, si kwa kutembea chini. Hata hivyo, siku ya kutaga hushuka, huvuka ardhi tupu mahali ambapo kunguru, kuku, paka na watu wote humwona, akaanza kuchimba. Kazi hiyo yaweza kumchukua siku nzima. Hutaga mayai 25 hadi 50, huyafukia, husawazisha udongo juu yake, kisha hupanda mti akiwa amekonda. Hapasuki, na akiachwa salama aweza kutaga tena.

Wako vinyonga wasiotaga. Yule mwenye pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya na wa Mlima Meru, Tanzania, huzaa watoto walio hai, kila mmoja akiwa katika utando mwembamba. Watoto hao hudondoka, hupasua utando, wakaanza kutambaa. Lakini kinachopasuka hapo ni utando, si tumbo la mama. Mama hubaki hai tawini mwake.

IMANI INAVYOJIPATIA USHAHIDI

Katika masimulizi ya makabila mengi ya Kibantu, kinyonga ndiye mjumbe aliyetumwa kuwapelekea watu habari za uzima wa milele akachelewa njiani, na kifo kikatangulia. Kwa sababu hiyo wako wanaomchukia na kumpiga mawe. Wako pia wasiomwogopa, hasa watoto wa shule, ambao humkamata na kumweka katika kopo au chupa ili wamwone akibadilika rangi.

Basi fikiri, msomaji, mtoto amemkamata jike mnene mwishoni mwa mvua, amemtia katika kopo la maziwa na majani machache. Jike huyo alikuwa akishuka kutafuta udongo. Sasa huzunguka chini ya kopo, hukwaruza bati kwa kucha, wala haoni pa kuchimba. Mayai hubaki tumboni. Siku zikipita nguvu humwishia, macho huzama, na hatimaye hufa na tumbo lake limejaa. Kisha mkubwa mmoja husema, "Hamkuambiwa kwamba kinyonga akizaa hufa?" Kila mtu huitikia, na hakuna aulizaye habari za kopo.

Huko ndiko kujua kuliko ghali. Aliyekufa hakuuawa na uzazi, bali na kukosa ndoo moja ya udongo.

DALILI ZA JIKE MWENYE MAYAI

Jike mwenye mayai hunenepa ubavuni, na mara nyingine uvimbe wa mayai huonekana chini ya ngozi kama njugu ndani ya mfuko. Dume akimkaribia, humfukuza kwa kujivimbisha, kuyumba na kufumbua kinywa. Siku za kutaga zinapofika, hupunguza kula au huacha kabisa, hunywa maji zaidi, na huanza kuzurura chini ilhali kwa kawaida hakai chini. Akiparua ardhi hapa na pale, saa yake imewadia.

Kinyonga hana sumu. Hukoroma na kutisha, na akishikwa kwa nguvu aweza kuuma, lakini kuuma kwake hakumdhuru mtu. Asibanwe tumbo kwa hali yoyote.

Jambo la kwanza na lililo bora ni kumwacha. Akionekana akivuka uwanja, kuku na paka wafukuzwe, watoto wakae mbali, aachwe amalize kazi yake. Akiwa barabarani, mtu amwinulie kijiti akishike mwenyewe, kisha ampeleke upande ule ule aliokuwa akiuelekea.

AKIWA YUMO NYUMBANI TAYARI

Yaweza kutokea kwamba jike amekwisha kaa nyumbani au katika darasa la sayansi, au ameumia, na hawezi kurudishwa siku ile ile. Hapo yapasa atunzwe hivi.

Asiwekwe katika chupa wala bati, kwa kuwa vitu hivyo hushika joto haraka na kumwua. Kasha la mbao lililowambwa wavu pande zote lafaa zaidi. Ndani yake yawekwe matawi yenye unene wa kidole na majani mabichi. Upande mmoja upate jua la asubuhi, upande mwingine uwe na kivuli ili achague mwenyewe. Akae peke yake.

Kinyonga kwa kawaida hanywi maji ya bakulini, bali hulamba matone juu ya majani. Kwa hiyo majani yanyunyiziwe maji asubuhi na jioni, taratibu, mpaka aonekane akilamba. Watu wengi hushindwa hapa. Huweka kibakuli wakadhani wamemaliza, kumbe mgeni wao anakauka.

Chakula chake ni wadudu hai: panzi, nondo, nzi na senene wadogo. Jike huhitaji chokaa mwilini kwa ajili ya maganda ya mayai. Mama wa nyumbani aweza kukausha ganda la yai la kuku, akalitwanga likawa unga laini, na kuwapaka wadudu kidogo kabla ya kumpa.

Hapa wakazi wa Nchelenge wanapaswa kuangalia sana. Wilaya hiyo ni miongoni mwa zile zinazosumbuliwa mno na malaria nchini Zambia, na nyumba zimekuwa zikipuliziwa dawa ukutani ili kuua mbu. Dawa hiyo ni kinga ya watu na isikataliwe. Lakini wadudu walioanguka chini ya ukuta uliopuliziwa wasiokotwe kuwa chakula cha kinyonga. Wakamatwe majanini, mbali na nyumba, na mbali na mashamba yaliyonyunyiziwa dawa.

NDOO YA UDONGO

Achukue mtu ndoo au debe, alijaze mchanga uliochanganywa na udongo wa shambani hadi kina cha sentimeta 25 au 30. Udongo uwe na unyevu wa kadiri: ukifumbatwa ushikamane, lakini usitoe maji. Ukiwa mkavu shimo hubomoka, na ukiwa tope mayai huoza.

Ndoo iwekwe ndani ya kasha kabla ya jike kuanza kuzurura, kisha upande wake ufunikwe kitenge au kanga kuukuu. Huyu ni mnyama mwenye haya. Akiona watu wamemkodolea macho huacha shimo lake, na akiacha mara nyingi aweza kuyazuilia mayai. Watoto waelezwe kwamba siku hiyo hakuna kuchungulia.

Akimaliza kufukia, kwanza anyunyiziwe maji, kisha apewe wadudu kwa wingi kwa siku kadhaa. Lakini kama amejikamua bila ya kutaga, amelegea na macho yamezama, ashauriwe mganga wa mifugo. Mafuta, dawa za mitishamba na kukandwa tumbo havifai.

KUYATUNZA MAYAI

Mayai ya kinyonga ni meupe, madogo kama punje za maharage, na ganda lake ni laini kama ngozi. Yaliyotagwa shambani yaachwe pale pale. Mkulima akiyafukua kwa jembe kwa bahati mbaya, ayarudishe kwa upande ule ule yalivyolala na kuyafukia.

Yai la kuku hugeuzwa geuzwa na mama yake, lakini la kinyonga halitakiwi kugeuzwa. Kijusi hujishikiza upande mmoja, na yai likipinduliwa kinaweza kufa. Anayelazimika kuyahamisha kutoka katika ndoo atie alama ndogo ya penseli juu ya kila yai, kisha ayapange katika kasha la mchanga wenye unyevu, yasigusane, yafunikwe kidogo. Kasha likae mahali penye kivuli, pasipo moto wa jiko wala jua. Yai zima hunenepa polepole. Lililooza hugeuka manjano, husinyaa na kuota ukungu, nalo litolewe.

Adui mkubwa ni siafu na sisimizi. Dawa yake yajulikana jikoni: kasha liwekwe juu ya kigoda, na kila mguu wa kigoda usimame katika kopo la maji.

Kazi ngumu kuliko zote ni kungoja. Mayai haya hukaa miezi mitano hadi kumi, na pengine zaidi. Yaliyotagwa Machi au Aprili hupitia baridi ya Juni na Julai na joto la Oktoba kabla ya kuanguliwa. Wengi hukata tamaa wakayatupa mayai yaliyo hai. Yai lililonenepa na jeupe lisitupwe. Liongezewe unyevu kidogo na kuachwa.

Wakati ukifika, yai hutoa matone kama jasho, kisha hupasuka nchani, na kinyonga mdogo hutoa kichwa. Asivutwe. Akitoka, tangu siku ya kwanza hujitafutia chakula mwenyewe. Watoto waachiliwe vichakani, mmoja hapa na mwingine pale, karibu na mahali alipookotwa mama yao. Naye mama arudishwe huko huko mara nguvu zikimrudia, bila ya kungojea mayai.

SHERIA NAYO

Kinyonga si mali ya amwokotaye. Nchini Zambia wanyamapori wako chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2015, na atakaye kumfuga aulize kwanza ofisi ya Idara ya Mbuga za Taifa na Wanyamapori. Tangu mwaka 1977 biashara ya kimataifa ya vinyonga wa jamii hii imewekwa chini ya mkataba wa dunia unaolinda viumbe walio hatarini. Tanzania nayo ilisimamisha mwaka 2016 usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nchi za nje.

Mzazi au mwalimu atakayefuata maelezo haya hatapata faida ya fedha. Lakini watoto wake watakuwa wameona kwa macho yao jike akitaga mayai thelathini au arobaini, akanywa maji, akala panzi, na kupanda tena mtini. Siku watakaposikia kwamba kinyonga akizaa hupasuka, hawatahitaji kubishana na mtu. Watasema tu kwamba wao walimpa udongo, na hakupasuka.