Vipokezi vya Ubongo na Tabia Baada ya Degedege la Muda Mrefu

Seli za neva hupashana habari kwa kemikali. Moja huiachia, na jirani yake huidaka kwa vipokezi, yaani protini zilizochomoza kwenye utando wake. Vipokezi vya GABA huituliza seli. Vya glutamati, hasa aina ya NMDA, huichochea. Ubongo ukiwa mzima pande hizo mbili hudhibitiana, na mara nyingi degedege hukoma lenyewe baada ya dakika mbili tatu.

Degedege la mwili mzima likipita dakika 5 huhesabiwa kuwa dharura; likifika dakika 30, huenda likaacha madhara ya kudumu. Kinachotokea katika muda huo kimechunguzwa sana kwa panya wa maabara. Vipokezi vingi vya GABA huvutwa ndani ya seli, ambako havifanyi kazi, huku vya NMDA vikizidi juu ya utando. Ni gari linaloishiwa breki huku mafuta yakikanyagwa. Ndiyo maana diazepamu, inayofanya kazi kupitia vipokezi vya GABA, hutuliza upesi ikitolewa mapema na hupungua nguvu ikichelewa: dawa imefika, lakini pa kushika pamepungua.

Kupitia vipokezi vya NMDA kalsiamu hufurika ndani ya seli na kuziua, hasa katika hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu iliyoungana kwa karibu na amigdala, kitovu cha hofu. Zilizonusurika nazo huweza kukaa wiki kadhaa na vipokezi vilivyopangika kwa namna nyingine. Panya aliyepatwa na degedege la namna hiyo, akitiwa majini, huogelea huku na huko bila kukumbuka kilipo kijukwaa kilichofichwa. Wengine hushtuka na kuuma wakiguswa tu.

Kwa watoto picha haiko wazi hivyo. Kilifi nchini Kenya, malaria imekuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya degedege refu, na Uganda baadhi ya watoto waliopona malaria ya ubongo wameonekana na utukutu uliopita kiasi, hasira na ukali. Malaria yenyewe huumiza ubongo, hivyo si haki kuvitwika vipokezi lawama yote. Si haki pia kumchapa mtoto huyo kwa utundu, jambo ambalo hutokea.

Katika matibabu, dawa za awali zikishindwa, hospitali huweza kutumia ketamini, inayoziba vipokezi vya NMDA. Kabla ya hapo, diazepamu ya njia ya haja kubwa au midazolamu ya kutiwa shavuni huweza kutolewa hata nyumbani, na mlezi aliyefundishwa.