Mkojo Unaovuja Baada ya Tezi Dume Kuondolewa

Mzee wa Nyeri akivaa koti refu hadi magotini jua likiwaka, na kanisani akikaa benchi la mwisho karibu na mlango, usidhani ni baridi ya Mlima Kenya. Huenda amevaa pedi. Ukimuuliza atakwambia, "Daktari, ni uzee." Lakini kabla ya kuondolewa tezi dume kwa ajili ya saratani, alikuwa mkavu.

Mkojo wa mwanamume una milango miwili. Wa juu, shingoni mwa kibofu, huharibika tezi inapotolewa. Wa chini, ambao ni msuli, hubaki ukifanya kazi peke yake, na huenda nao umejeruhiwa. Ndiyo maana akilala hukauka, lakini akikohoa au akiinua debe la buni, hulowa.

Wengi hupona bila kisu. Kaza msuli kana kwamba unazuia ushuzi, bila kubana pumzi wala matako, kisha ulegeze. Rudia mara kadhaa kila siku. Kwa kawaida madaktari husubiri hadi mwaka mmoja kabla ya kuamua upasuaji. Hapo pima pedi za saa 24, jinsi kiwandani wanavyopima kahawa yako: toa uzito wa pedi kavu, na kila gramu inayobaki ni mililita moja ya mkojo. Kipimo hicho humsaidia daktari kuliko neno "kidogo", ambalo wazee wetu hulipenda mno.

Anayevuja kidogo na hajapigwa mionzi anaweza kuwekewa utepe unaoinua au kukandamiza mrija wa mkojo. Anayelowa kabisa huhitaji mlango bandia. Unaotumiwa zaidi, AMS 800, ulitoka Marekani mwaka 1983: pete inayouzunguka mrija, puto karibu na kibofu, na pampu ndogo ndani ya mfuko wa korodani. Vyote vina maji. Ukitaka kukojoa unaibinya pampu. Maji huhama kutoka kwenye pete kwenda kwenye puto, mlango ukafunguka. Baada ya dakika chache hujifunga wenyewe. Huachwa wazi takriban wiki 6 kwanza, kidonda kipone, kwa hiyo usikate tamaa ukirudi nyumbani bado unavuja. Mlango huu unaweza kuambukizwa au kuchakaa, na baada ya miaka kadhaa ukahitaji kubadilishwa.

Kifaa ni ghali na hakiwekwi kila hospitali. Uliza SHA, bima ya afya ya taifa, mapema kama wanalipia kifaa chenyewe, si upasuaji tu.

Na ukishawekewa, beba mfukoni kadi inayosema una mlango bandia. Siku utakayofikishwa kitengo cha dharura, Nanyuki au Kerugoya, mwambie muuguzi kabla hajakuingiza mpira wa mkojo: mlango ufunguliwe na uzimwe kwanza. Mpira ukilazimishwa kupita kwenye pete iliyofungwa, huweza kutoboa mrija. Mfundishe na mkeo maneno hayo, maana huenda wewe hutaweza kusema.